Mbaraka Mwinshehe: Mpiga Gitaa Aliyejitenga

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, najua baadhi yenu mtauliza: hapa kwetu Rongo benga ndiyo inatawala, mbona huyu anatuletea mtu wa Morogoro? Jibu langu ni kwamba Mbaraka Mwinshehe aliimba kwa Kiswahili, tena kitamu kuliko cha insha zetu nyingi.

Alizaliwa mwaka wa 1944 huko Mzenga, wilaya ya Kisarawe, Tanzania, akakulia Morogoro. Mwaka uo huo ndipo ilipoundwa Morogoro Jazz Band. Katikati ya miaka ya 1960 aliacha shule akajiunga nayo. (Walimu wasinikasirikie, mimi nasimulia tu.) Mji huo ulikuwa pia na Cuban Marimba Band ya Salum Abdallah, kwa hivyo mpigaji goigoi hakuwa na nafasi. Kijana alianza kama mpigaji tu miongoni mwa wenzake, lakini haikuchukua muda gitaa lake la solo likawa ndilo linalongojewa, na nyimbo zikawa zake. Mwaka wa 1970 bendi ilikwenda Osaka, Japan, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya Expo 70.

Sasa hapo ndipo ninaposhangaa. Mtu amefika Japan na bendi yenye jina, halafu mwaka wa 1973 anaiacha! Aliunda Orchestra Super Volcano. Kumbukeni kwamba enzi hizo bendi nyingi za Tanzania zililelewa na polisi, jeshi au chama cha wafanyakazi. Vyombo vilinunuliwa na shirika, mshahara ulikuja mwisho wa mwezi. Anayejitegemea alitafuta magitaa, vipaza sauti na pesa za kuwalipa wenzake, na ukumbi ukikosa watu hasara ni yake. Kwa maoni yangu, kufanya hivyo kulitaka moyo kuliko safari ya Japan.

Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, hivyo wanamuziki wake walikuja kurekodi Nairobi. Wimbo wake "Shida" uliuzwa sana Kenya. Babu yangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuombea maji, anaujua wote mpaka mwisho.

Mwezi wa Januari 1979 Mbaraka alikuwa Mombasa. Alipata ajali mbaya ya gari akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka 34. Super Volcano ilikuwa na miaka mitano hivi tu.