Madam C. J. Walker: mfulaji wa nguo aliyetajirika kwa kutunza nywele

Katika saluni nyingi, kitana cha moto kikitajwa, jina la Madam C. J. Walker halikawii kufuata. Wengi wanasema yeye njo aliyekivumbua. Siyo hivyo. Vyuma vya moto vya kutengeneza nywele vilikuwa tayari vinatumika Ufaransa katika miaka ya 1870, wakati yeye alikuwa mtoto mdogo katika mashamba ya pamba huko Marekani. Kazi yake ilikuwa nyingine: aliwafundisha wamama weusi wa wakati wake kuosha kichwa mara kwa mara, kutibu ngozi ya kichwa na kutia nywele mafuta. Na yeye mwenyewe alianza kazi hiyo akiwa mama ambaye nywele zilikuwa zinamwisha kichwani.

Mtoto wa mashamba ya pamba

Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 karibu na mji mdogo wa Delta, katika jimbo la Louisiana. Jina lake la kuzaliwa ni Sarah Breedlove. Wazazi wake, Owen na Minerva, walikuwa wametumikishwa kama watumwa katika shamba lile lile alipozaliwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu mbele, na Sarah ndiye mtoto wa kwanza wa familia yao kuzaliwa huru.

Uhuru huo haukuja na feza wala masomo. Akiwa na umri wa miaka 7 alikuwa tayari yatima wa baba na mama. Alilelewa na yaya yake wa kike, Louvenia, na wote wawili wakavuka mto Mississippi kwenda mji wa Vicksburg kutafuta kazi za nyumbani. Akiwa na miaka 14 aliolewa na Moses McWilliams. Mwaka 1885 walipata binti, Lelia. Miaka miwili baadaye bwana akafariki, na Sarah akabaki mjane wa miaka 20, na mtoto mkononi.

Alichukua njia ya kwenda St. Louis, ambako kaka zake walikuwa na kazi ya kinyozi. Yeye akaingia kazi ya kufula nguo za watu. Kwa miaka mingi alipata karibu dola moja na kidogo kwa siku. Mikono ilikuwa ndani ya maji ya moto na sabuni kali toka asubuhi hadi jioni. Katika feza hiyo ndogo aliweka akiba ya masomo ya Lelia, hata akamfikisha katika chuo huko Knoxville. Wamama wa kanisa la St. Paul, wenye elimu kumuzidi, walimpokea vizuri, na kwa kuwaona wao alianza kuwaza kwamba maisha yake yanaweza kubadilika.

Nywele zinaisha

Katika miaka ya 1890 Sarah alikuwa na shida ambayo wamama wengi wa hali yake walikuwa nayo: ngozi ya kichwa ilikuwa inawasha, ina magaga na vidonda, na nywele zilikuwa zinaanguka kwa wingi. Hakuwa amelogwa. Sababu zilijulikana baadaye vizuri. Nyumba nyingi za watu weusi hazikuwa na bomba la maji ndani, kwa hiyo kuosha kichwa kulikuwa kazi kubwa, na wengine walikaa majuma mengi bila kukiosha. Wakiosha, walitumia sabuni kali iliyotengenezwa kwa magadi, ile ile ya kufulia. Chakula kilikuwa duni. Na wengine walikuwa wanapaka dawa za kununua zilizochoma ngozi.

Alijaribu dawa nyingi. Mojawapo ilikuwa ya Annie Turnbo, mama mweusi mwingine aliyejulikana kiisha kwa jina la Annie Malone, ambaye alikuwa na biashara yake ya dawa za nywele St. Louis. Sarah akawa mmoja wa wauzaji wake. Mwaka 1905 alihamia Denver, katika jimbo la Colorado. Inasimuliwa kwamba alifika na dola 1 na senti 50. Mchana alifanya kazi ya mpishi, na saa nyingine aliuza dawa nyumba kwa nyumba.

Januari 1906 aliolewa na Charles Joseph Walker, mtu wa matangazo ya magazeti. Toka hapo akajiita Madam C. J. Walker, na akaanza kuuza dawa yake mwenyewe. Katika matangazo alisimulia kwamba mzee mmoja mweusi alimtokea katika ndoto akamwonyesha vitu vya kuchanganya, na kwamba vingine vilitoka Afrika. Ndoto hiyo iliuza dawa vizuri. Lakini ndani ya kopo, vitu vya maana vilikuwa vazelini na unga wa salfa, ambao waganga walikuwa wanautumia toka zamani kwa magonjwa ya ngozi. Annie Malone alilalamika kwamba ameigwa, na wamama hao wawili wakabaki wapinzani. Ukweli ni kwamba mchanganyiko wa namna hiyo ulikuwepo mbele yao wote.

Kilichofanya kazi

Nguvu ya Walker haikuwa katika kopo peke yake. Aliuza mpango mzima: kwanza kuosha kichwa kwa shampuu isiyo kali, kiisha kupaka dawa katika ngozi ya kichwa, kusugua kwa vidole, na kurudia hivyo kwa siku zilizopangwa. Mwishoni njo kilikuja kitana cha chuma chenye meno mapana, kilichopashwa moto, cha kulainisha nywele zilizokwisha kupakwa mafuta.

Mtu akitazama mpango huo leo anaona wazi ni sehemu gani iliyoponyesha. Kichwa kilichokuwa hakioshwi sasa kilioshwa. Salfa ilipunguza magaga na vidudu vya ngozi. Vazelini ilizuia nywele zisikauke. Hizo hatua tatu ziliacha nywele zikue. Kitana cha moto hakikukuza hata unywele mmoja.

Jambo hilo lilimletea maneno hata wakati wake. Viongozi wengine weusi, pamoja na Booker T. Washington, hawakupenda biashara za kunyorosha nywele, wakiona ni kuwafundisha watu weusi kujifananisha na wazungu. Walker alikataa kuitwa mnyoroshaji wa nywele, na hakupenda neno hilo litumiwe katika kampuni yake. Alieleza kwamba kazi yake ni afya ya kichwa. Lakini kitana kilibaki katika mpango wake, na wateja wengi walikuja juu ya kitana hicho hicho. Ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Moto unafanya nini

Unywele umetengenezwa kwa protini inayoitwa keratini. Umbo lake la kujikunja linashikwa na vifungo vya ndani. Vingine ni dhaifu: moto wa kiasi unavifungua, unywele unanyoroka, na ukiguswa na maji au jasho unarudi kujikunja. Ndiyo sababu nywele zilizopigwa kitana cha moto zinarudi siku ya mvua. Moto ukizidi, unaharibu protini yenyewe na gamba la nje la unywele. Hapo mikunjo hairudi tena hata ukiosha: nywele zinabaki kavu, zinasimama ovyo, na zinakatika katikati. Kitana kilichowekwa juu ya makaa hakina kipimo, ni mkono wa msusi tu unaokisia. Kuweka chuma cha moto kwenye nywele zenye maji ni kubaya zaidi, juu maji yanachemka ndani ya unywele na kuupasua.

Unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai. Hakuna mafuta, hata ya bei kali namna gani, yanayoweza kuurudisha ulivyokuwa. Yanaweza kuulainisha na kupunguza kukatika wakati mpya unakua, na unywele unakua karibu sentimeta moja kwa mwezi. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya nywele zilizoungua haina bei: ni kuacha moto kwa miezi kadhaa, na pia ile dawa ya kunyorosha ambayo watu wanaita defrizan, na kukata ncha zilizopasuka kidogo kidogo.

Yanayofuata yanafanana na mpango wa Walker bila chuma chake. Osha ngozi ya kichwa mara moja kwa juma moja au mawili, kwa shampuu au sabuni laini, siyo sabuni ya kufulia. Gawa nywele mafungu, uzichanue zikiwa na maji na mafuta kidogo, kwa kitana cha meno mapana, ukianza kwenye ncha na kupanda taratibu. Nywele zikiwa bado na unyevu, paka mafuta kidogo ili maji yasitoke haraka. Mafuta ya nazi yanasaidia kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Vazelini ni ya bei rahisi, inafunga unyevu, lakini ikiwa nyingi inakusanya vumbi. Usiku funga fulari laini. Ukisuka, usikaze: msuko unaovuta mpaka paji la uso linauma unaweza kung'oa nywele za pembeni zisirudi tena. Na kama kichwa kina vidonda, au kuna mahali penye upara mviringo, hapo si kazi ya saluni. Ni kazi ya kituo cha afya.

Mama wa maelfu ya wafanyakazi

Mwaka 1908 Walker alifungua shule ya utunzaji wa nywele huko Pittsburgh, akaiita kwa jina la binti yake. Mwaka 1910 alihamia Indianapolis na kujenga kiwanda. Kampuni yake ilitangaza kwamba imefundisha wauzaji wapatao 20,000. Wengi wao walikuwa wafulaji na wapishi kama yeye zamani, na sasa walikuwa na feza yao wenyewe. Kopo moja liliuzwa senti 50, bei ambayo haikuwa ndogo kwa mfulaji, karibu nusu ya siku ya kazi. Lakini yule aliyeliuza alibaki na sehemu yake.

Mwaka 1912, katika mkutano wa wafanya biashara weusi huko Chicago, Booker T. Washington hakutaka kumpa nafasi ya kusema. Walker alisimama mahali pake akasema bila kuitwa, akasimulia alivyotoka shamba la pamba akapita kwenye kufula na jikoni mpaka akajenga kiwanda kwenye kiwanja chake. Mwaka uliofuata Washington mwenyewe akamwalika kuhutubia.

Mwaka 1917 aliwakusanya wauzaji wake Philadelphia kwa mkutano mkubwa, mmoja wa mikutano ya kwanza ya wanawake wafanya biashara katika nchi ile. Mwaka huo huo watu weusi waliuawa kwa wingi huko East St. Louis. Walker alikwenda Ikulu ya Washington pamoja na viongozi wengine wa Harlem kuomba serikali izuie mauaji ya watu weusi. Rais Wilson hakuwapokea. Walker hakunyamaza: karibu na kufa kwake aliahidi dola 5,000 kwa chama cha NAACP kwa ajili ya kupinga mauaji hayo.

Alikufa tarehe 25 Mei 1919, na miaka 51, katika nyumba yake kubwa ya Villa Lewaro karibu na New York, iliyochorwa na Vertner Tandy, fundi mweusi wa majengo. Shinikizo la damu lilikuwa limeharibu figo zake. Mara nyingi anatajwa kuwa mwanamke wa kwanza Marekani aliyejitafutia milioni kwa kazi yake. Hesabu ya mali aliyoiacha haikufika milioni, na Annie Malone naye alitajirika sana katika kazi hiyo hiyo. Katika wasia wake aliamuru theluthi mbili za faida ya kampuni ziende kwenye kazi za kusaidia watu. Sehemu iliyobaki na kampuni vikawa mikononi mwa Lelia, yule binti aliyesomeshwa kwa feza ya kufula.