PRINCE HALL: FUNDI WA NGOZI ALIYESHIKA TIMAZI

Mhariri ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani ambaye vijana wanaweza kujifunza kwake. Nimemchagua Prince Hall wa Boston, Marekani, mtu mweusi aliyefariki mwaka 1807. Kwanza nieleze jambo moja ili lisije likawatatiza wasomaji: Prince lilikuwa jina lake tu, wala halikuwa cheo. Hakuwa mwana wa mfalme. Alikuwa mtumwa aliyefanya kazi ya ngozi.

Jambo la pili ni kwamba Prince Hall alikuwa Frimasoni. Najua neno hilo likitajwa bwenini baada ya taa kuzimwa, basi hadithi huwa ni za nyoka, damu na utajiri wa ghafla. Hadithi hizo siziingilii, maana hazihusu mambo ya Boston ninayoyaeleza. Mtu ninayemwandika alikufa bila utajiri, na kitu alichokitafuta katika chama hicho kilikuwa kingine kabisa.

Yafaa tueleze kidogo mafundisho yenyewe. Chama cha Frimasoni kiliunda loji yake kuu ya kwanza London mwaka 1717, nacho kilichukua vyombo vya mwashi wa mawe kikavifanya kuwa masomo ya tabia. Kila aliyepita kwenye karakana ya shule yetu anavijua vyombo hivi. Guni, ambayo mafundi wengi huiita skwea, hupima kama pembe imenyooka, na kwao ni somo la kutenda haki kwa kila mtu. Bikari huchora mpaka, na mpaka huo ni wa tamaa zako mwenyewe. Pimamaji huonyesha kwamba watu wote wamesimama kwenye usawa mmoja. Timazi, ile kamba yenye risasi nchani, huonyesha kama ukuta umesimama wima, na hali kadhalika mtu. Rula yao ya inchi 24 ni saa 24 za siku, nayo hugawanywa mara tatu: saa nane za ibada na kumsaidia mwenye shida, saa nane za kazi, saa nane za kupumzika. Kisha kuna jiwe lisilochongwa, ambalo ni mtu alivyozaliwa, na nyundo ya kuliondolea magutu.

Ni mafundisho mepesi kuyakariri. Mtihani wake ni pale mtu anapotakiwa kuyatumia kwa jirani asiyempenda. George Washington aliingia chama hicho mwaka 1752, akahudhuria na kuvaa aproni ya uashi, na wakati uo huo alikuwa na mamia ya watumwa shambani kwake. Pimamaji ilikuwa mezani, lakini haikutolewa nje ya ukumbi. Prince Hall ndiye aliyeitoa nje.

Habari za kuzaliwa kwake ni haba, na wengi waliopita wamezijaza kwa kubuni. Lililo wazi ni kwamba alikuwa mtumwa wa William Hall, fundi wa ngozi mjini Boston, na kwamba mwezi Aprili 1770 bwana wake aliandika hati ya kumwacha huru. Hapo Hall akajitegemea kwa kazi ileile aliyoifanya utumwani. Ipo hati ya madai ya mwezi Aprili 1777 inayoonyesha kwamba aliwauzia askari wa mizinga wa Boston ngozi tano za ngoma. Vita vya Marekani vya kujitawala vilikuwa vimepamba moto, na kumbe baadhi ya ngoma zilizowaongoza wapigania uhuru wale zilikuwa na ngozi iliyotengenezwa na mtu aliyeonja utumwa.

Mapokeo ya chama chake husema kwamba mwezi Machi 1775 yeye na wenzake 14, wote watu weusi huru, waliingizwa katika Ufrimasoni na loji ya askari wa Kiingereza waliokuwa wamepiga kambi Boston. Loji za raia wazungu hazikuwataka. Kanuni zilizochapwa London mwaka 1723 zilisema kwamba anayepokelewa sharti awe amezaliwa huru, na kifungu hicho kilifaa sana kumfungia mlango mtu aliyepewa uhuru ukubwani. (Waingereza wenyewe walikibadili mwaka 1847, wakaandika mtu huru tu.) Hall na wenzake waliachiwa ruhusa ndogo: kukutana, kuandamana siku ya Mtakatifu Yohana, na kuzikana. Hawakuruhusiwa kupokea wanachama wapya.

Wengine wangeridhika na ruhusa ya kuzikana. Hall alingoja vita viishe, na mwezi Machi 1784 akaandika London kuomba hati kamili. Hati ilitiwa sahihi tarehe 29 Septemba 1784, ikiitaja loji yao kuwa African Lodge Namba 459. Ilifika mkononi mwake tarehe 29 Aprili 1787. Hesabuni wenyewe: miaka miwili na miezi saba. Katika kungoja huko hakukaa bure, na hapa ndipo maisha yake yanapokuwa somo.

Mwezi Januari 1777, miezi sita tu baada ya wakubwa wa nchi kutangaza kwamba watu wote wameumbwa sawa, Hall alikuwa miongoni mwa watu weusi wanane waliotia sahihi maombi kwa Bunge la Massachusetts. Walitaka utumwa ukomeshwe, kwa hoja ileile ambayo wabunge walikuwa wakiitumia dhidi ya mfalme wa Uingereza. Bunge liliyapokea, likayaweka kando. Utumwa katika jimbo lile ulikuja kuvunjwa nguvu na hukumu za mahakama mwaka 1783, si na Bunge.

Mwishoni mwa mwaka 1786 wakulima wenye madeni walifanya uasi katika jimbo hilo. Hall alimwandikia Gavana kwamba yeye na wanachama wake wako tayari kusaidia serikali, kwa sababu sheria ya chama chao iliwakataza kushiriki njama dhidi ya nchi wanayoishi. Gavana hakuutaka msaada wao. Haikupita hata miezi miwili, Januari 1787, Hall na wenzake zaidi ya 70 wakapeleka maombi mengine: wasaidiwe kurudi Afrika na kununua ardhi huko. Wako wanaoona kwamba mtu huyu alikuwa akigeuka kama bendera. Kwa maoni yangu, mtu aliyejitolea kuitetea nchi akaambiwa hahitajiki, hana kosa akiuliza nauli ya kwenda kwao. Nauli nayo haikutolewa.

Oktoba mwaka uo huo aliomba shule. Hoja yake ilikuwa ya kifundi, imenyooka kama pembe ya guni: watu weusi wa Boston wanalipa kodi kama wengine, shule zinaendeshwa kwa kodi, na watoto wao hawazipati. Je, haki iko wapi? Jibu lilikuwa kimya.

Kisha likatokea jambo la mwezi Februari 1788. Nahodha mmoja wa meli aliwaita watu weusi watatu, wote watu huru, kwa kisingizio cha kuwapa kazi melini bandarini Boston. Walipopanda, wakafungiwa chini na meli ikatweka, ikashika njia ya visiwa vya Karibi ili wakauzwe. Mmoja wao alikuwa mwanachama wa loji ya Hall. Katika siku hizo jambo kama hilo lilikuwa likitokea mara nyingi, na wake na watoto wa aliyepotea hawakuwa na pa kulalamikia.

Safari hii walikuwa na pa kulalamikia. Kabla ya mwezi ule kwisha, Hall na wanachama wapatao 20 wa loji yake walikuwa wamepeleka maombi Bungeni. Hawakuomba ndugu zao watatu tu warudishwe, bali waliuliza inawezekanaje meli zinazofunga watu zitoke katika bandari ya nchi inayojiita huru. Wachungaji wa Boston waliunga mkono kwa maombi yao, na Waquaker vilevile. Gavana John Hancock na balozi mdogo wa Ufaransa waliandika barua kwa wakuu wa visiwa. Tarehe 26 Machi 1788 Bunge lilipitisha sheria ya kukataza biashara ya watumwa kwa watu wa jimbo hilo na kuwapa haki ya kudai jamaa za waliotekwa. Mwezi Julai wale watatu walishuka tena bandarini Boston, wazima, na mji ukawashangilia.

Tazameni basi chombo gani kilifanya kazi hapo. Kama Hall angalikuwa peke yake, angeandika barua ya fundi mmoja wa ngozi. Loji ilimpa watu waliozoea kukutana kwa saa maalumu, kuweka kumbukumbu, kuchanga fedha na kutia sahihi kwa jina kamili bila kuogopa. Katika uashi, mwiko hupaka chokaa inayoshikanisha mawe, nao kwa Wafrimasoni ni alama ya upendo wa kindugu. Mwaka 1788 watu watatu walirudi nyumbani kwa ajili ya mwiko huo.

Hall alitoa hotuba mbili kwa wanachama wake ambazo zilichapwa, moja mwaka 1792 na nyingine mwezi Juni 1797. Katika ya kwanza aliwafundisha wajibu wa mwanachama: kumcha Mungu, kutii sheria, kuwapenda watu wote bila kujali rangi wala taifa, na kumsaidia aliye taabuni. Akawakumbusha kwamba baadhi ya mababa wakubwa wa Kanisa, kina Sipriano na Agostino, walitoka Afrika. Katika ya pili alisema waziwazi juu ya matusi waliyoyapata kila siku katika barabara za Boston, hasa siku za sikukuu, ambapo hata wanawake wazee walishambuliwa. Aliwataka wawe na subira, wala wasimwogope mwanadamu. Akawaelekeza watazame visiwa vya Wafaransa, ambako ndugu zao waliokuwa chini ya mjeledi miaka sita nyuma walikuwa wameanza kusimama. Kuyasema hayo hadharani mwaka 1797, na kuyapeleka kwa mpiga chapa, kulitaka moyo. Aliwasifu pia wale wasiojua kusoma lakini wenye kumbukumbu nzuri, wapo mabaharia waliojua nyota bila kitabu.

Mwaka huohuo kundi la watu weusi wa Philadelphia, wakiongozwa na Absalom Jones na Richard Allen, lilipewa na Hall ruhusa ya kuanzisha loji. Loji za wazungu za nchi yake ziliendelea kumkana, na London nako, walipopanga upya daftari lao mwaka 1813, namba 459 ikafutwa. Hall alikuwa amekwisha kufa, mwezi Desemba 1807, na kuzikwa katika makaburi ya Copp's Hill. Loji yake ilijitangazia uhuru mwaka 1827. Loji kuu ya Uingereza iliwatambua warithi wake wa Massachusetts mwaka 1994.

Tukirudi kwenye ile shule. Mwaka 1796 Hall aliomba tena, safari hii kwa wakuu wa mji wa Boston, akakosa. Mwaka 1798 wazazi weusi wakafungua darasa lao wenyewe katika nyumba ya Primus Hall, na mwaka 1808 likahamia kwenye nyumba ya ibada ya Waafrika, iliyokuwa imejengwa mwaka 1806. Mwaka 1835 mji ulifungua jengo la shule kwa ajili ya watoto hao, likaitwa Abiel Smith, nalo bado lilikuwa la weusi peke yao. Wazazi walikwenda mahakamani, wakashindwa, wakagoma kupeleka watoto. Mwaka 1855, miaka 68 baada ya maombi ya kwanza ya fundi wa ngozi, jimbo la Massachusetts lilipitisha sheria kwamba mtoto asikataliwe shule ya umma kwa sababu ya rangi yake. Jengo la Abiel Smith lipo hata leo, mlimani Beacon Hill, nalo ni makumbusho.