Brunel, fundi wa stesheni

Isambard Brunel alizaliwa mwaka wa 1806 katika mji wa Portsmouth, Uingereza. Mama yake alikuwa Mwingereza. Baba yake, Marc, alikuwa Mfaransa aliyeikimbia nchi yake wakati wa mapinduzi. Marc alikuwa fundi mwenye akili nyingi, na mwenye madeni mengi vilevile. Mwaka wa 1821 alitiwa gerezani kwa ajili ya madeni hayo. Lakini mwanawe alimfundisha vizuri hesabu na kuchora, tangu alipokuwa mdogo sana.

Mwaka wa 1825 Marc alianza kuchimba njia chini ya mto Thames, kule London. Mbele yake hakuna mtu duniani aliyemaliza kuchimba njia chini ya mto upitao meli. Isambard alikuwa kijana wa miaka 20 hivi alipopewa kuwasimamia wachimbaji. Mwezi wa Januari 1828 maji ya mto yalipasua udongo, yakaingia kwa nguvu. Watu 6 walikufa. Isambard aliokolewa, lakini aliumia sana, ikambidi kupumzika miezi mingi. Ndipo alipofika Bristol, mji wa bandari upande wa magharibi.

Wafanya biashara wa Bristol walitaka njia ya chuma ya kufika London, mwendo wa kilometa 190. Mwaka wa 1833 walimchagua Brunel aisimamie kazi hiyo, naye alikuwa hajatimiza miaka 27.

Siku zile reli nyingi za Uingereza zilikuwa na upana wa meta 1 na sentimeta 43 na nusu. Upana huo ulitoka kwenye migodi ya makaa, ambamo farasi walivuta vigari vidogo. Brunel hakuona sababu ya kumfuata farasi. Aliweka reli zake mbali mbali, meta 2 na sentimeta 14, ili gari liende mbio bila kutikisika. Reli zifikazo Lubumbashi zina upana wa meta 1 na sentimeta 7 tu; basi zile za Brunel zilikuwa karibu mara mbili yake.

Njia ilikwisha mwaka wa 1841. Mahali paitwapo Box ilibidi kutoboa mlima, karibu kilometa 3, kwa baruti na kwa mwanga wa mishumaa. Husemwa ya kuwa wafanya kazi wapata 100 walikufa mle ndani. Majina yao hayajulikani kama lile la Brunel.

Ilibaki neno moja. Kanisa lina sura yake tangu zamani, na soko lina yake. Je, nyumba ya gari la moshi ifanane na nini? Hakuna aliyejua, kwa kuwa gari lenyewe lilikuwa jambo jipya. Kwa stesheni ya Bristol, iliyofunguliwa mwaka wa 1840, Brunel alijibu kwa mfano wa zamani. Mbele aliijenga kama ngome ya mfalme. Ndani aliifunika kwa paa la mbao lenye upana wa meta 22, kama la ukumbi wa wakubwa wa kale. Nyumba ni nzuri, lakini mtu angeiona kwa nje asingedhani kwamba ndani mna magari ya moshi.

Mwaka wa 1843 Brunel alikaribia kufa tena, safari hii kwa mchezo. Alikuwa akiwachezea watoto wake kiini macho kwa kipande cha fedha ya dhahabu, kikamponyoka kikaingia katika koo la pumzi. Waganga walimpasua shingo bila kufaulu. Mwisho walimfunga juu ya ubao, wakampindua kichwa chini miguu juu, na fedha ikatoka. Ilikuwa imekaa mle karibu siku 40.

Huko London shirika la njia lilikuwa na stesheni ya mbao tu, kwa kuwa fedha haikutosha. Stesheni yenyewe, Paddington, ilifunguliwa mwaka wa 1854. Miaka 3 mbele yake watu wa London walikuwa wameona nyumba kubwa mno ya vioo na chuma, iliyojengwa kwa maonyesho ya mwaka wa 1851. Brunel hakutaka ngome tena. Alijenga mapaa matatu ya chuma na vioo, marefu meta 213. Lile la katikati lilikuwa na upana wa meta 31. Paa lilikuwa juu, moshi upate kupanda. Lilipitisha mwanga, msafiri apate kuliona gari lake. Kwa mapambo ya chuma alimwita mwenzake, Matthew Digby Wyatt. Stesheni imekaa bondeni, na mbele yake imesimama hoteli. Uzuri wake wote uko ndani.

Lakini habari ya reli ilimshinda. Kule Gloucester reli zake zilikutana na zile nyembamba, na gari moja halikuweza kupita njia zote mbili. Abiria walishuka na mizigo yao; sanduku kwa sanduku, vitu vilipakuliwa na kupakiwa upya. Wakubwa wa serikali walifanya majaribio: magari ya Brunel yakashinda kwa mbio. Lakini reli nyembamba zilikuwa zimekwisha kuenea mahali pengi zaidi. Mwaka wa 1846 sheria ikazichagua hizo kwa njia mpya.

Brunel alikufa mwezi wa Septemba 1859, mwenye miaka 53. Reli zake pana zilidumu miaka 33 zaidi. Siku ya Ijumaa, tarehe 20 Mei 1892, gari la mwisho la safari ndefu liliondoka Paddington juu ya reli pana. Usiku ule wafanya kazi zaidi ya 4,000 walikuwa wamekwisha kutawanyika njiani upande wa magharibi. Jumamosi na Jumapili walizisogeza reli kilometa kwa kilometa, na Jumatatu magari membamba yakapita, yakaingia London chini ya mapaa yale yale ya vioo.