PROFESA WANGARI MAATHAI, MAMA WA MITI

Wengi wetu hupita Adams Arcade kila siku bila kujua kwamba ofisi za shirika la Green Belt Movement ziko papa hapa mtaani. Mwanzilishi wake ni marehemu Profesa Wangari Maathai. Alipofariki, sisi wa kidato cha tatu tulikuwa bado tunabebwa mgongoni, kwa hivyo nimeona heri niwasimulie maisha yake.

Wangari alizaliwa tarehe 1 Aprili 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Karibu na kwao kulikuwa na mti mkubwa wa mugumo, na kando yake kijito chenye maji safi kabisa. Mamake alimkataza kuokota kuni za mti huo. Mwaka wa 1960 alienda Marekani kusomea biolojia, akarudi 1966. Mwaka wa 1971 alipata shahada ya udaktari, mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati.

Baadaye alienda vijijini kuchunguza kupe wanaoleta ugonjwa wa ng'ombe. Kumbe ugonjwa mkubwa ulikuwa ardhini! Ng'ombe walikonda kwa kukosa nyasi, na mvua iliponyesha mito iligeuka rangi ya udongo. Kule Ihithe nako, mugumo ulikuwa umekatwa na kijito kimekauka.

Jambo hili si dogo. Majani ya mti hupunguza nguvu za matone ya mvua, na mizizi hushika udongo ili maji yazame polepole. Miti na vichaka vikiisha, udongo hubebwa mpaka mtoni, na mto huumwaga bwawani. Bwawa likijaa tope, maji yatakaa wapi? Bwawa la Masinga katika Mto Tana, lililokamilika 1981, limepokea tope jingi kuliko wahandisi walivyotarajia, na bwawa hilo ndilo hutusaidia kupata umeme. Hata si lazima twende mbali. Nairobi Dam, kando ya Kibera, lilijengwa 1953 na watu walikuwa wakiendesha mashua za tanga pale. Kwa miaka mingi sasa limezibwa na udongo, takataka na magugu maji.

Tarehe 5 Juni 1977 Wangari na wenzake walipanda miti 7 katika bustani ya Kamukunji. Huo ukawa mwanzo wa Green Belt Movement. Akina mama wa vijijini walifundishwa kuotesha miche, wakalipwa pesa kidogo kwa kila mche ulioshika, si uliopandwa tu ukaachwa ukauke. Wataalamu wa misitu waliwacheka ati hawakusoma. Lakini haba na haba hujaza kibaba: kufikia 2004 walikuwa wamepanda zaidi ya miti milioni 30.

Njia yake haikuwa rahisi. Mwaka wa 1989 alipinga jumba la ghorofa 60 lisijengwe Uhuru Park. Jumba halikujengwa, lakini shirika lake lilifukuzwa katika ofisi za serikali, akalihamishia nyumbani kwake. Januari 1999 alipigwa mpaka akatoka damu kichwani alipokwenda kupanda miti Karura, msitu uliokuwa unagawiwa watu. Leo Karura ingali imesimama.

Mwaka wa 2002 alichaguliwa mbunge wa Tetu, na 2004 akapata Tuzo ya Amani ya Nobel, mwanamke wa kwanza Mwafrika kuipata. Aliaga dunia tarehe 25 Septemba 2011 kwa ugonjwa wa saratani. Hakutaka mti ukatwe kwa ajili ya jeneza lake, kwa hivyo lilitengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugu maji, yale yale yanayoziba mabwawa yetu.

Wanachama wenzangu, kila mwaka shule hupanda miti, watu wakapiga makofi, kisha miche ikafa kiangazi. Mama huyu hakulipa mche uliokufa. Tupande kando ya mito na mitaro yetu, tena tuinyweshe mpaka ishike. Mungu ailaze roho yake mahali pema.