Henry Bergh

Henry Bergh (29 Agosti 1813 – 12 Machi 1888) alikuwa mwanadiplomasia na mtetezi wa wanyama kutoka Marekani. Anajulikana hasa kama mwanzilishi wa Chama cha Marekani cha Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, kwa kifupi ASPCA.

Maisha

Bergh alizaliwa jijini New York. Baba yake, Christian Bergh, alikuwa mjenzi wa meli, na mali aliyoiacha ilimwezesha mwanawe kuishi bila kutegemea mshahara. Mwaka 1863 Rais Abraham Lincoln alimteua kufanya kazi katika ubalozi wa Marekani mjini Saint Petersburg, Urusi. Huko alianza kuwazuia hadharani madereva wa mikokoteni waliowapiga farasi wao. Mwaka 1864 alijiuzulu, na akiwa njiani kurudi alipita London kujifunza kazi ya chama cha Waingereza cha kuwalinda wanyama, kilichoanzishwa mwaka 1824.

Chama na sheria

ASPCA ilipata hati yake kutoka Jimbo la New York tarehe 10 Aprili 1866, na siku chache baadaye sheria dhidi ya ukatili ikapitishwa. Wakati huo watu wengi waliona kwamba mnyama ni mali ya mwenyewe, hivyo jirani hana haki ya kuingilia. Sheria mpya ilimhusu pia mtu anayemtesa mnyama wake mwenyewe, na maofisa wa chama walipewa uwezo wa kuwakamata wahalifu.

Sheria ya mwaka 1867 ilikwenda mbali zaidi. Ilihesabu kumnyima mnyama chakula cha lazima kuwa kosa sawa na kumpiga, na ikakataza mapigano ya mbwa na ya jogoo. Pia iliruhusu mtu yeyote kuingia katika zizi ambamo mnyama amefungiwa zaidi ya saa 12 bila chakula wala maji, ili ampatie, bila kushtakiwa kwa kuingia humo.

Bergh mwenyewe alizunguka mitaani, akisimamisha magari ya farasi yaliyozidishiwa mzigo na kuwafikisha wenye makosa mahakamani. Hakushinda kila kesi: mwaka 1866 alimshtaki nahodha aliyesafirisha kasa wakiwa wamelazwa chali na kutobolewa mapezi, lakini nahodha aliachiwa huru. Magazeti yalimkejeli kama mtu anayejiingiza katika mambo yasiyomhusu.

Kesi ya Mary Ellen

Mwaka 1874 Etta Wheeler, aliyekuwa akiwatembelea maskini, alimwendea Bergh kuhusu mtoto Mary Ellen, aliyepigwa na mlezi wake. Majirani walikuwa wamesikia kilio chake. Bergh alimwomba mwanasheria Elbridge Gerry apeleke suala hilo mahakamani. Mtoto aliokolewa, na mlezi akafungwa mwaka mmoja. Kesi hiyo ilisababisha kuundwa kwa chama cha kuwalinda watoto jijini New York.

Kifo na urithi

Bergh alifariki New York na kuzikwa katika makaburi ya Green-Wood, Brooklyn. Kufikia wakati huo majimbo mengi ya Marekani yalikuwa na sheria dhidi ya ukatili kwa wanyama. Sheria za namna hiyo zipo leo katika nchi nyingi. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008.