Yidnekatchew Tessema, Mwethiopia aliyezifunza timu za Afrika kushikilia bei moja

Kombe la Mataifa ya Afrika la kwanza lilikuwa na mechi mbili tu. Lilichezwa Khartoum, Sudan, Februari 1957, na likamalizika ndani ya wiki moja. Nchi nne zilikuwa zimekubaliana kulianzisha: Misri, Sudan, Ethiopia na Afrika Kusini. Zilizoingia uwanjani ni tatu. Ya nne ilifungiwa mlango kwa sababu ilitaka kuleta ama timu ya Wazungu watupu ama ya Weusi watupu, si timu iliyochanganya wote.

Miongoni mwa wajumbe waliosimamia msimamo huo alikuwa Yidnekatchew Tessema wa Ethiopia, wakati huo akiwa na umri wa miaka 35. Kwa miaka 30 iliyofuata, kila mara soka la Afrika lilipokabiliwa na swali la kukubali kidogo kinachotolewa au kukikataa kwa pamoja, jina lake halikukosekana.

Uamuzi wa Khartoum ulikuwa na gharama. Kombe jipya lilihitaji timu, na nne zilikuwa chache tayari. Afrika Kusini ndiyo iliyopangwa kukutana na Ethiopia katika nusu fainali, hivyo Waethiopia walifika fainali bila kupiga mpira. Huko walikutana na Misri, iliyokuwa imeifunga Sudan 2-1, wakachapwa 4-0. Mabao yote manne yalifungwa na mtu mmoja, Ad-Diba.

Yidnekatchew alizaliwa 11 Septemba 1921 huko Jimma, mji wa kusini magharibi mwa Ethiopia katika eneo linalosifika kwa kahawa. Kwa desturi ya nchi hiyo jina la pili ni la baba, na baba huyo, Tessema Eshete, alikuwa mshairi na mwimbaji mashuhuri, mmoja wa Waethiopia wa mwanzo kabisa kurekodi nyimbo kwenye santuri. Mtoto akachagua mpira.

Klabu yake ilikuwa St. George ya Addis Ababa, iliyoanzishwa 1935. Haikupata nafasi ya kutulia. Mei 1936 majeshi ya Italia yaliingia Addis Ababa na kuikalia nchi kwa miaka mitano. Utawala huo wa Kifashisti uliwatenga watu kwa rangi katika makazi na shughuli za kila siku, na viwanja vya mpira havikusalimika: Waethiopia walicheza kwao, Waitaliano kwao. Kijana aliyecheza katika mazingira hayo hakuhitaji kuelezwa na mtu maana ya timu ya rangi moja.

Baada ya Waitaliano kuondolewa mwaka 1941, Yidnekatchew aliendelea kuvaa jezi ya St. George kwa miaka mingi, akaichezea timu ya taifa, na wakati huohuo akawa miongoni mwa waliojenga shirikisho la soka la nchi yake, lililoundwa 1943. Alikuwa mshambuliaji, kisha kocha, kisha kiongozi, na mara nyingine kazi hizo zilipishana.

Mwaka wake mkubwa kama kocha ulikuwa 1962. Ethiopia iliandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la tatu jijini Addis Ababa, na safari hii timu zilikuwa nne kweli: wenyeji, Misri, Tunisia na Uganda.

Kwa Afrika Mashariki, ujio wa Uganda ulikuwa jambo jipya. Nchi hiyo ilikuwa bado miezi tisa kabla ya uhuru. Mashindano iliyoyazoea ni Kombe la Gossage, lililoanza 1926 kati yake na Kenya, kisha likaipokea Tanganyika mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Kombe hilo lilibeba jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza iliyolitoa. Addis Ababa, Uganda ilifungwa 2-1 na Misri na 3-0 na Tunisia, ikarudi nyumbani bila ushindi. Lakini ilikuwa imeketi meza moja na nchi huru, kabla haijapandisha bendera yake.

Fainali ilichezwa 21 Januari 1962 mbele ya Mfalme Haile Selassie. Misri, iliyokuwa imetwaa makombe yote mawili yaliyotangulia, iliongoza mara mbili, na mara mbili vijana wa Yidnekatchew wakasawazisha. Katika muda wa nyongeza Italo Vassallo na Mengistu Worku walifunga, na Ethiopia ikashinda 4-2. Nahodha aliyepokea kombe alikuwa Luciano Vassallo, kaka yake Italo, wazaliwa wa Asmara wenye mama wa Kieritrea na baba wa Kiitaliano. Kocha aliyekuwa amecheza chini ya sheria za kutenganisha damu alitwaa ubingwa akiwa na nahodha wa damu mbili.

Kombe lilikuwa limeshika mizizi, lakini nje ya bara thamani yake ilikuwa ndogo. FIFA ilipopanga Kombe la Dunia la 1966 nchini Uingereza, kulikuwa na nafasi 16, na Afrika haikupewa hata moja iliyo yake. Mshindi wa Afrika alitakiwa kukutana tena na mshindi wa Asia, na mmoja tu ndiye aende. Yidnekatchew, aliyekuwa makamu wa rais wa Shirikisho la Soka Afrika (CAF) tangu 1964, na Ohene Djan wa Ghana waliongoza kampeni ya kukataa utaratibu huo. Timu 15 za Afrika zilijiondoa.

Kila mfanyabiashara aliyewahi kushusha mzigo mpakani anaijua hesabu hiyo. Wauzaji 15 wakifika mmoja mmoja, mnunuzi hupanga bei. Wakikubaliana kutouza, mnunuzi hubaki na fedha mkononi, nao hubaki na bidhaa inayoweza kuharibika. Bidhaa ya Ghana ndiyo iliyoharibika zaidi. Ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 1963 na tena 1965, na kizazi hicho hakikuonekana kwenye Kombe la Dunia. Mwaka 1966 hakukuwa na timu hata moja ya Afrika Uingereza.

Mnunuzi alirudi na bei nyingine. Kuanzia Kombe la Dunia la 1970 Afrika ilipata nafasi yake yenyewe, na Morocco ikaitumia. Mwaka 1974 ilikwenda Zaire, nchi ambayo miaka sita kabla ilikuwa imetwaa Kombe la Afrika huko huko Addis Ababa kwa kuifunga Ghana 1-0. Kufikia 1982 nafasi zilikuwa mbili.

Yidnekatchew alichaguliwa rais wa CAF mwaka 1972. Alikabiliana tena na suala la Afrika Kusini, ambalo halikuwa limeisha Khartoum. FIFA iliisimamisha nchi hiyo mwaka 1961, lakini 1963 rais wa FIFA, Mwingereza Stanley Rous, akasimamia kuondolewa kwa adhabu hiyo. Mwaka uliofuata kura za mkutano mkuu zikairudisha. Uchaguzi wa FIFA ulipofika mwaka 1974, Rous alishindwa na Mbrazili João Havelange, na kura za Afrika zilikuwa nguzo ya ushindi huo. Mwaka 1976 Afrika Kusini ilifukuzwa FIFA.

Nyumbani mambo yalikuwa yamegeuka. Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa Haile Selassie, mfalme aliyekuwa amekabidhi kombe la 1962. Watu wengi wa zama zake walipotea madarakani. Yidnekatchew alibaki kwenye kiti cha CAF, na mwaka 1976 Ethiopia ikaandaa tena Kombe la Afrika.

Msimamo wake mmoja hauwezi kusifiwa bila kuulizwa maswali. Tangu 1965 CAF iliweka kanuni kwamba timu ya taifa isitumie zaidi ya wachezaji wawili wanaocheza nje ya bara. Nia ilikuwa kuzifanya klabu za Afrika zikue na kuzuia vipaji kununuliwa kwa bei ya kutupa. Yidnekatchew aliamini hivyo kwa dhati, na hadi mwisho wa maisha yake alilalamikia wachezaji kumiminikia Ulaya. Lakini mchezaji aliyevuka bahari kutafuta riziki alijikuta akiadhibiwa na nyumbani kwao. Kanuni iliondolewa 1982, na miamba mingi ya Kombe la Afrika leo ni timu za wachezaji wanaolipwa ng'ambo. Aliyefungua njia kati ya nchi za Afrika alijaribu kufunga ile ya kutokea nje, na hakufanikiwa.

Alipinga pia soka la Afrika kutumika kutangaza sigara na pombe, wakati ambapo CAF haikuwa na fedha za kuchezea.

Alifariki Addis Ababa 19 Agosti 1987 kwa saratani, akiwa bado rais. Hakuiona Afrika Kusini ikirudi CAF mwaka 1992, wala ikitwaa Kombe la Afrika la 1996 kwenye ardhi yake kwa timu ya Weusi na Wazungu, ile iliyokosekana Khartoum.

Kwa Kombe la Dunia la 2026 Afrika ilitengewa nafasi tisa za moja kwa moja. Kombe la Afrika lenyewe sasa ni la timu 24, na la 2027 limepewa Kenya, Uganda na Tanzania, nchi tatu zilizoomba kwa barua moja. Hakuna hata moja kati yake iliyowahi kulitwaa. Ethiopia imelitwaa mara moja tu, mwaka ule wa 1962.