Jacek Kuroń: Mtetezi wa Wafanyakazi na Machungu ya Soko Huru

Wahenga walinena kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Jacek Kuroń wa Poland alikilalia kitanda cha ukomunisti, kisha akakilalia cha soko huru, na kunguni wa vitanda vyote viwili aliwajua. Aushi yake inadhihirisha jinsi taifa linavyoweza kuhama kutoka mfumo mmoja wa uchumi hadi mwingine, na ni nani hulipa gharama ya safari hiyo.

Kuroń alizaliwa tarehe 3 Machi 1934 katika mji wa Lwów, ambao wakati huo ulikuwa wa Poland na leo ni Lviv nchini Ukraine. Ukoo wake ulikuwa wa wanasoshalisti. Akiwa kijana alijiunga na chama tawala cha kikomunisti, akafukuzwa mwaka wa 1953 kwa ukosoaji wake, akarejea mwaka wa 1956 na kufukuzwa tena mwaka wa 1964. Alisomea historia katika Chuo Kikuu cha Warsaw. Mwaka wa 1965, yeye na rafikiye Karol Modzelewski walieneza barua ya wazi kwa wanachama. Humo walidai kwamba dola iliyojinasibu kuwa ya wafanyakazi ilikuwa milki ya wakuu wa chama, ilhali mfanyakazi hakuwa na kauli juu ya jasho lake. Hawakulilia soko huru. Walitaka wafanyakazi wenyewe waviendeshe viwanda. Kwa barua hiyo Kuroń alihukumiwa kifungo cha miaka 3. Alitoka mwaka wa 1967, lakini migomo ya wanafunzi ya Machi 1968 ikamrudisha gerezani hadi mwaka wa 1971.

Juni 1976 serikali ilitangaza kupandisha bei za vyakula. Wafanyakazi wa Radom na Ursus waligoma, wakapigwa, wakafutwa kazi na kushtakiwa. Septemba mwaka huohuo Kuroń na wenzake waliunda Kamati ya Kuwatetea Wafanyakazi, iliyozichangia fedha familia za waathiriwa na kuwatafutia mawakili. Aliwashauri wafanyakazi kwamba badala ya kuziteketeza ofisi za chama, waunde kamati zao wenyewe. Migomo ya mwaka wa 1980 ilipozaa chama cha wafanyakazi cha Mshikamano, Kuroń alikuwa miongoni mwa washauri wake. Sheria ya kijeshi ilipotangazwa tarehe 13 Disemba 1981, alitiwa mbaroni tena. Mkewe wa kwanza, Grażyna, alifariki Novemba 1982 mumewe akiwa bado mikononi mwa dola. Kuroń aliachiliwa kwa msamaha wa mwaka wa 1984.

Miaka 5 baadaye mambo yaligeuka. Baada ya mazungumzo ya serikali na upinzani na uchaguzi wa Juni 1989, Tadeusz Mazowiecki aliunda serikali iliyomfanya Kuroń kuwa Waziri wa Kazi na Leszek Balcerowicz kuwa Waziri wa Fedha. Serikali hiyo ilirithi uchumi mahututi: maduka matupu, foleni ndefu na mfumko wa bei uliopaa kila mwezi. Tiba ya Balcerowicz ilianza tarehe 1 Januari 1990. Bei nyingi ziliachwa huru, ruzuku zikapunguzwa, na viwanda vya umma vilivyoongeza mishahara kupita kiwango vikatozwa kodi kali. Mwezi huo pekee bei zilipanda kwa takriban asilimia 80. Bidhaa zilirudi madukani, lakini fedha za kuzinunulia zilikuwa haba. Kufikia mwisho wa mwaka, watu zaidi ya milioni 1.1 walikuwa wamesajiliwa kuwa hawana kazi, katika nchi ambako awali ukosefu wa kazi haukukubaliwa kuwapo.

Hapo ndipo Kuroń alipojikuta njia panda. Mtu aliyefungwa mara kadhaa kwa ajili ya wafanyakazi alitakiwa awaombe wavumilie. Aliikubali kazi hiyo kwa kuamini kwamba hapakuwa na njia nyingine. Akiwa amevalia shati lake la jinzi, alizungumza na wananchi kwenye televisheni mara kwa mara, akiwafafanulia kwa lugha nyepesi mambo yaliyokuwa yakiwasibu. Aidha, alisimamia kuanzishwa kwa posho ya wasio na kazi na kuhimiza ugawaji wa supu kwa maskini. Wananchi waliibandika posho hiyo, na hata supu yenyewe, jina lake.

Uchumi wa Poland ulianza kukua tena mwaka wa 1992, mapema kuliko wa majirani zake wengi. Hata hivyo, kufikia mwisho wa mwaka wa 1993 wasio na kazi walikuwa takriban asilimia 16, na waliokuwa vibarua wa mashamba ya serikali walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Akiwa waziri kwa mara ya pili, kati ya 1992 na 1993, Kuroń alijadiliana na vyama vya wafanyakazi hadi ukatiwa sahihi mkataba uliowapa wafanyakazi kauli katika ubinafsishaji wa viwanda vyao. Mkataba huo ulichelewa. Mengi yalikuwa yamekwisha kuamuliwa bila wao.

Mwaka wa 1995 aligombea urais, akawa wa tatu kwa kura zipatazo asilimia 9. Baadaye aliyakosoa hadharani mageuzi aliyoyasimamia, akikiri kwamba yeye mwenyewe hakuwa ametafakari vya kutosha namna ya kuijenga demokrasia aliyoipigania. Miaka yake ya mwisho aliielekeza kwenye elimu ya vijana wa mashambani, akianzisha chuo katika kijiji cha Teremiski pamoja na mkewe wa pili, Danuta. Alifariki tarehe 17 Juni 2004, wiki chache baada ya Poland kuingia katika Umoja wa Ulaya.

Wapo wanaomlaumu Kuroń kwa kuitumia imani ya wanyonge kupitisha sera iliyowaumiza. Wapo wanaosema kwamba bila yeye wangeumia zaidi. Pande zote mbili zina hoja. Lisilopingika ni kwamba hakuwapa kisogo walioumia, wala hakumsukumia mwingine lawama iliyokuwa yake.